Kadi Nyeupe ya Kengele ya Tatu

Dawa ya kung'arishia shaba ina harufu kali inayopanda puani kabla hujajua umeinusa, kidogo mafuta ya taa, kidogo siki iliyokaa sana. Wiki iliyopita niliikuta kwenye korido ya nyumba moja ya zamani, nilipokwenda kumbadilishia bandeji mzee mwenye kidonda cha mguu. Mimi ni muuguzi wa majumbani hapa Brussels. Kazi yangu, ukiacha sindano na bandeji, ni kubonyeza kengele za watu kutwa nzima. Na kabla sijabonyeza, husoma jina, herufi kwa herufi, hata kama mlango nimeuzoea miaka mitano. Wenzangu hunicheka na kusema nasoma kengele kama mtu anayesoma dua. Waache wacheke. Siku ile harufu iliponipata niliweka mkoba chini, nikakaa kwenye ngazi ya kwanza, hata mzee akaanza kuita kutoka juu akidhani nimeanguka. Sikuwa nimeanguka. Nilikuwa nimerudi kwenye miaka yangu minane, na mfukoni mwangu mlikuwa na kadi.

Ngoja niwaeleze nyumba yetu kwanza, maana bila nyumba ile hamtanielewa. Ilikuwa nyuma kidogo ya Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, nyembamba na ndefu, imebanwa katikati ya nyingine, iliyojengwa zama ambazo matajiri wa mji huu walishindana nani ana balkoni ya chuma iliyosokotwa kuliko ya jirani. Juu ya madirisha ya ghorofa ya kwanza palichorwa mwanamke mwenye nywele ndefu zilizochanganyika na maua. Mvua ilikuwa imeshamla pua. Kando ya mlango kulikuwa na chuma cha kukwangulia matope ya viatu, cha wakati wa farasi, na chini yake tundu la kumiminia makaa ya mawe, lenye kifuniko kizito nilichokiogopa bure. Ukiingia ndani unapokewa na marumaru, na mlango wa pili wa vioo vya rangi, ambao jua likiupiga unakuachia mabaka mekundu na ya buluu kwenye sare ya shule.

Msituonee wivu. Sisi tulikaa juu kabisa, vyumba viwili chini ya paa, mahali walipokuwa wakilala watumishi. Ngazi za marumaru ziliishia ghorofa ya pili. Kutoka hapo hadi kwetu zilikuwa za mbao, nyembamba, zinazolia kila ukikanyaga. Mama alisema marumaru ilijua inapandwa na nani, ikaamua kuishia njiani.

Mwenye nyumba alikuwa Madame Odile, mjane wa ghorofa ya chini, mwembamba, masikio yameanza kuwa mazito. Nyumba ilikuwa imeandikwa na serikali kuwa urithi, na yeye aliulinda urithi huo kama mtu anayelinda mtoto mchanga. Hakuna kupiga msumari. Hakuna kubandika karatasi mlangoni. Kilichoruhusiwa ni kile kibao cha shaba chenye kengele tatu, na pembeni ya kila kengele kijidirisha kidogo cha kuchomekea kadi ya jina. Kengele ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya marehemu mume wake, aliyekuwa na ofisi ghorofani. Mtu alikuwa kaburini miaka kumi, lakini jina lake lilibaki pale, na kila Jumamosi Madame alivaa aproni, akatoa kadi zote, akapaka dawa yake ya kunuka, akasugua shaba mpaka ikaonyesha uso wake, halafu akazirudisha kadi mahali pake. Ya tatu ilikuwa yetu.

Kadi yetu aliiandika Baba. Alikuwa fundi cherehani tangu Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na hata mwandiko wake ulikuwa kama mshono, sawasawa, bila uzi unaoning'inia. Kwetu familia haitumii jina moja kama Wabelgiji. Kila mtu na lake. Basi akaandika yote matatu, RAMADHANI, ZUHURA, SALIMA, akaichomeka, akarudi nyuma hatua mbili barabarani kuitazama, akakaribia kugongwa na baiskeli. Salima ndiye mimi.

Sasa nyinyi niwaambie kile ambacho mimi sikuambiwa. Dada yangu Shamimu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alibaki Bujumbura na Bibi tulipokimbia. Ili aje, wakili alihitaji karatasi ya komini, ofisi ya serikali ya mtaa, inayothibitisha kwamba tunaishi pale tunaposema tunaishi, na aipate kabla ya mwezi wa Septemba kuisha, la sivyo safari nzima ya mafaili ingeanza upya. Na hapa Ubelgiji komini haikuamini kwa maneno. Ukihamia nyumba, kama sisi tulivyohamia pale kiangazi kile, anatumwa polisi wa mtaa. Hatoi miadi. Anakuja tu siku anayoitaka, anasoma jina kwenye kengele, anapanda, anatazama vitanda na miswaki, anaandika. Akija mara tatu asiwakute, anaandika vilevile, kwamba watu hao hawapo.

Mambo ya karatasi hayakuwa ya watoto. Mimi nilichopata ni kile kilichopita kwenye ukuta wa mbao usiku mmoja, sauti ya Baba ikiwa chini.

"Bon, Zuhura, sikia. Polisi atakuja. Siku hasemi. Anakuja tu kuangalia kama tuko."

"Na weye utakuwa kazini," Mama akasema.

"Donc weye usitoke. Hata kidogo usitoke."

Mimi nikabaki macho wazi nikitazama kitanda cha pili kilichotandikwa karibu na changu, ambacho hakuna aliyekuwa akikilalia.

Lazima mjue nilichokijua mimi kuhusu polisi wanaokuja kutazama kama mpo. Buyenzi, katika ile miaka mibaya, nje ya geti letu Baba alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, RAMADHANI FUNDI CHEREHANI. Siku moja mchana alitoka na kopo la mafuta na kipande cha msasa, akasugua jina lake mpaka bati likabaki jeupe. Mimi nilikuwa nimeshika kopo. Bibi alikaa mlangoni, akasema maneno ambayo yalinikaa kichwani kuliko sura zote za Kurani nilizofundishwa: "Jina likilala ndani, na mwenyewe atalala ndani." Jirani yetu wa mkono wa kulia, fundi baiskeli, aliliacha jina lake getini. Siku ya tatu yake wakaja watu wenye sare, mmoja ameshika daftari, akisoma mageti. Kwetu alisoma bati tupu akapita. Yule fundi baiskeli sikumwona tena, na baiskeli za watu zilibaki uani kwake mpaka zikashika kutu.

Kwa hiyo, Jumatano moja mwanzoni mwa Septemba, siku ambayo shule za hapa hufungwa saa sita, nilipokunja kona nikamwona mwanamume wa sare ya buluu amesimama mlango wa pili kutoka kwetu, ana kijitabu mkononi, anasoma kengele, sikuhitaji mtu wa kunieleza. Nilijificha nyuma ya gari la maua. Alisoma, akaandika, simu yake ya begani ikakoroma, akaondoka kwa haraka kuelekea Porte de Namur. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi niliona jina la baba yangu linang'aa pale kwenye shaba ya Madame Odile, limeandikwa vizuri kupita kiasi, na la mama yangu, na langu.

Usiku huo nilikata kipande cheupe cha boksi la viatu vyangu vya shule, kipimo kilekile cha kadi ya Baba. Na kuanzia kesho yake nikawa na kazi.

Mama aliondoka kabla ya alfajiri kwenda kusafisha maofisi ya mtaa wa Schuman, Baba saa moja kushona mapazia kiwandani. Mimi nilikuwa wa mwisho kutoka. Nilivuta kadi ya majina kwa ukucha, nikachomeka ile nyeupe, nikaweka familia yangu mfukoni nikaenda nayo shuleni. Jioni, saa kumi na mbili kasorobo, niliomba ruhusa kushuka kumsubiri Baba mlangoni, nikairudisha. Baba akifika ananikuta nimekaa kwenye ngazi ya jiwe, ananibeba, anasema hakuna baba mwenye bahati kama yeye. Nisingependa mtu yeyote apendwe namna ile kwa sababu kama ile.

Mtauliza Mama hakuona? Alirudi saa tano asubuhi, amesimama tangu alfajiri, ufunguo mkononi, kichwa chini. Nani husoma jina lake mwenyewe mlangoni kwake? Na Madame Odile alikuwa amekwenda kwa dada yake pwani, kama kila Septemba. Shaba ilianza kuwa nyeusi taratibu, wala hakuna aliyejali.

Kilichonitia nguvu ya kuendelea ni Mama. Hakulala tena baada ya kazi. Nikirudi shuleni namkuta amekaa kiti kinachotazama mlango, kilemba chake cha harusi kichwani, birika liko motoni, nyumba imefagiliwa mpaka mbao zinakaribia kulia. Kuta za nyumba zile za zamani ni nene machoni tu. Kengele ya jirani ikilia, ilisikika kama yetu, na Mama aliruka, akashika kifua, akasikiliza, halafu akakaa tena polepole. Mkate alinituma mimi. Maziwa alinituma mimi. Nilimtazama nikasema moyoni, Mama anaogopa, na hajui kwamba nimeshamaliza kila kitu. Nilitamani kumwambia apumzike. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi.

Jumapili tulikwenda Matonge kupiga simu kwenye kabini, kisha kusukwa kwa Maman Béa, mama wa Lubumbashi mwenye saluni ndogo ndani ya Galerie d'Ixelles. Katika kabini Mama alinibana mapajani, simu katikati ya masikio yetu, na sauti ya Shamimu ikaja na upepo.

"Mama, karatasi imetoka?"

"Bado, mwanangu. Iko njiani."

Kila Jumapili aliuliza, na kila Jumapili ilikuwa njiani. Nilidhani ni karatasi ya shule.

Kwa Maman Béa nilikaa chini ya mikono yake, wangu mmoja mfukoni umekamata ile kadi nyeupe.

"Eh, mutoto! Toa ile mukono mu mufuko. Nitakusuka namna gani na umejikunja vile?" Akamgeukia Mama. "Alors, maman, polisi alisha kuya?"

"Bado. Nakaa pale toka saa tano. Kengele hailii."

"Atakuya. Usiogope, polisi ya huku anatembeyaka na bic, haina na bunduki."

Nikajisemea, huyu Maman Béa hajakaa Buyenzi. Aliyekuja kwa fundi baiskeli naye alikuwa ameshika kalamu.

Barua ilikuja Jumatatu, wiki ya mwisho ya mwezi. Baba aliisoma amesimama, koti halijavuliwa, akaisoma tena, halafu akakaa kwenye kitanda kile kisicholaliwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Polisi alikuwa amekuja mara tatu, siku hii, siku hii na siku hii, mchana. Hakukuta jina lolote kwenye kengele ya ghorofa ya juu. Kwake kengele tupu ilikuwa ghorofa tupu. Faili lingefungwa.

"Mimi nilikuwa hapa!" Mama alisema. "Ramadhani, nilikuwa hapa! Siku zote tatu nilikuwa hapa, nimevaa, chai iko tayari!"

"Jina liko. Mimi mwenyewe naliona kila jioni."

"Basi huyo polisi hajui kusoma?"

"Ama hawatutaki." Baba aliikunja barua ndogo, ndogo tena. "Tutamwambia nini Shamimu? Siku ya vendredi, Ijumaa hii, wakili anafunga. Tutamwambia nini mutoto wa watu anayengoja?"

Ndipo nilipojua. Sikujua polepole, nilijua mara moja. Kitanda, karatasi ya Jumapili, chai, kilemba cha harusi. Mama hakuwa akiogopa kengele. Alikuwa akiingoja. Alikuwa juu akimngoja yule mtu, na yule mtu alikuwa chini akimtafuta, na katikati yao nilikuwa nimesimama mimi na kipande cha boksi la viatu. Mama alilia kwa sauti ambayo sijaisikia tena hata alipozikwa Bibi. Nilipaswa kusema. Nilifungua mdomo nikasema tumbo linaniuma, wakanipa maji ya tangawizi, wakanilaza, nikalala na ile kadi mkononi.

Kesho yake Baba hakwenda kazini, akaenda komini. Aliomba, akaeleza, akaomba tena, na nasikia aliapa mpaka watu wa foleni wakageuka. Walimpa nafasi moja tu. Jumatano, mchana, na asipokutwa mtu basi yaishe. Asubuhi ya Jumatano sikugusa jina. Kadi nyeupe sikujua niitupe wapi. Pipa la jikoni Mama angeliona, tundu la makaa niliogopa. Nikaisukuma nyuma ya kadi ya majina, humohumo kwenye kijidirisha, mahali ambapo kwa akili yangu hakuna mtu angetazama, nikaenda shule.

Saa sita nilikimbia njia nzima kurudi. Nilipofika ngazini, harufu ikanipiga. Madame Odile alikuwa amerudi jana yake usiku. Alikuta shaba imekuwa rangi ya tope, na kwake yeye hilo lilikuwa jambo la dharura lisiloweza kungoja Jumamosi. Kibao chote kilikuwa kimepakwa dawa, ukungu mweupe unakauka, na vijidirisha vitatu viko wazi. Kadi hazipo. Hata ya marehemu haipo. Mlango mkubwa umeegeshwa, na mwenye kadi zote katika mfuko wa aproni ameingia ndani kunywa supu yake wakati dawa inakauka.

Niligonga mlango wake. Redio ilikuwa ikinguruma huko ndani, nikagonga kwa ngumi, kwa kiatu, redio ikaendelea. Nikatazama ngazi. Kubonyeza kengele yetu hakukunijia akilini, maana sisi tulikuwa watu wa ufunguo. Ghorofa tatu za kupanda kuwaita Baba na Mama, ghorofa tatu za kushuka. Nikapanda hatua nne, nikashuka, nikapanda mbili. Nikarudi mlangoni, na nilipochungulia nje alikuwa amefika.

Nawaambia ukweli, nilirudi nyuma. Nilijibanza nyuma ya mlango wa vioo vya rangi, pale kwenye marumaru, na kupitia kioo nilimwona polisi mwekundu, akasogea akawa wa buluu. Aliinamia kibao. Alikisoma kitupu, akanusa, akakunja uso. Akabonyeza kengele ya kwanza, ya Madame, ikalia ndani ya redio ikafia huko. Ya tatu hakuigusa, maana mara zote aliikuta tupu. Akangoja. Alingoja muda wa haki kabisa, siwezi kumsingizia. Halafu akatoa kijitabu, akatoa kalamu, na nikaiona inaandika.

Juu, Mama yuko kwenye kiti chake. Baba yuko dirishani, lakini dirisha letu la paa lilitazama mbingu tu. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Nilisikia sauti ya Bibi ikiniambia jina lilale ndani. Suruali yangu, sitawaficha, haikuwa kavu. Polisi alifunga kijitabu akageuka.

"Monsieur!"

Sijui mlango niliufunguaje. Nilikuwa nje, kwenye ngazi ya jiwe, na yeye tayari yuko kwenye lami. Aligeuka. Alikuwa mtu mkubwa mwenye masharubu ya kijivu, na sare yake ilikuwa ileile, kofia ileile, daftari lilelile. Aliniuliza kwa Kifaransa kama ninaishi pale. Sikujibu swali. Nilitaja majina, kwa kelele, kama mtu anayeitisha watu kwenye moto: "Ramadhani! Zuhura! Salima!" Nikavuta pumzi. "Na Shamimu, lakini yeye bado hajafika!"

Alinitazama. Akaitazama ile shaba, akafungua kijitabu, akatazama kilichoandikwa, akasema niongoze njia.

Alipanda akihema, na ngazi zetu za mbao zililia kwa uzito wake mpaka Baba akatoka kutazama. Mama alikuwa mlangoni, kilemba chake sawasawa. Yule polisi alitazama miswaki mitatu ndani ya kikombe. Alitazama cherehani, mkoba wangu wa shule, sufuria. Alifika kwenye kitanda cha pili, chenye shuka lililopigwa pasi, mto mpya, na gauni moja limelazwa juu yake, ambalo Baba alikuwa akilikata upya kila mwaka kwa kukisia urefu. Akauliza ni cha nani.

"Cha binti yangu," Mama akamjibu kwa Kifaransa chake cha shule ya Buyenzi. "Kipo, yeye ndiye anayekuja."

Polisi aliandika kwa muda mrefu kuliko wote. Akanywa chai nusu glasi, amesimama, akasema imekwisha, madame, kila kitu kiko sawa. Akashuka. Mama alicheka, akalia, akanikumbatia, akagundua suruali, akacheka tena.

Na hapo ndipo mngetarajia nikiri. Sikupata nafasi. Ngazi zililia tena, kwa hatua nyepesi safari hii, na Madame Odile, ambaye hakuwahi kupanda mpaka kwetu, alitokea mlangoni akitafuta pumzi, aproni mwilini. Alikuwa ameambiwa na polisi pale chini, na uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. Aliomba radhi mara nyingi. Akampa Baba kadi yake mkononi, halafu akatia tena mkono mfukoni.

"Na hii, monsieur, ilikuwa nyuma yake. Sijui kama ni yenu."

Baba aliipokea. Aliigeuza. Upande wa pili wa kadi ile nyeupe, nilikuwa nimesahau, kulikuwa na namba ya kiatu na nusu ya picha ya buti. Baba alikuwa mtu wa vipimo. Aliweka kadi mbili moja juu ya nyingine, zikalingana. Akaniangalia. Kama kuna saa ndefu niliyowahi kuishi, ni ile. Kisha akaitia ile nyeupe kwenye mfuko wa shati, pale alipokuwa akiweka futi yake ya kupimia, akasema, "Merci, madame," na akamkaribisha chai.

Hakusema kitu siku ile. Wala Ijumaa, karatasi ilipofika kwa wakili na Baba akarudi na kuku mzima. Majani yakapukutika, mchoro wa yule mwanamke asiye na pua ukafunikwa na barafu, Baba hakusema kitu. Niliingoja adhabu kama watu wanavyongoja basi ambalo wanajua litakuja. Kila alipotia mkono mfukoni nilishtuka. Mama hakujua, mpaka leo hajui, na akisoma hapa, Mama, nisamehe.

Miaka mingi nilidhani alininyamazia kwa huruma. Mpaka nilipokuwa mtu mzima, na mwanangu mwenyewe alipoanza kuiga mambo yangu ambayo sikumfundisha, ndipo nilipomwelewa. Angenigombeza kwa lipi? Nani aliyenipa kopo la mafuta nishike? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nililelewa kuficha jina. Alipogeuza kadi ile hakuona utundu wa mtoto. Aliona geti lake la Buyenzi, limetufuata mpaka kwenye mlango wa urithi wa watu wengine. Nadhani aliona haya kuliko mimi.

Shamimu alifika Machi, mrefu kuliko gauni, amebeba kikapu cha Bibi. Siku ya pili yake ilikuwa Jumamosi. Baba aliniita nishuke naye. Madame Odile alikuwa amemaliza kusugua, shaba inawaka, harufu imejaa ngazini, kadi ya marehemu imesharudi mahali pake. Kijidirisha cha tatu kilikuwa wazi. Baba akatoa futi mfukoni, na nyuma ya futi akaitoa ile kadi ya boksi la viatu, imelainika kwa kukaa karibu na mwili wake miezi sita. Akanipa kalamu.

"Ile ya kwanza imejaa, hatutoshi. Andika weye."

Niliandika nimeiegemeza kwenye paja lake. Majina manne, herufi zimepinda, la Shamimu limepanda mlima. Aliichomeka bila kusahihisha kitu, akarudi nyuma barabarani hatua mbili, safari hii akatazama baiskeli kwanza.

"Sasa bonyeza."

"Baba, tuna ufunguo."

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Kengele ililia mbali huko juu, na kwa mara ya kwanza nikaisikia ilivyo. Muda ukapita, ngazi za mbao zikalia mbio, zikafuata zile za marumaru, na nyuma ya vioo vya rangi nikaona kivuli cha dada yangu kimesimama, hakijathubutu kufungua. Naye alikuwa ametoka kulekule.

"Nani?" akauliza, kwa sauti ndogo.

Nilitaja jina langu kwa sauti kubwa, mtaa mzima ukalisikia, na mlango ukafunguliwa.